Mruko wa Morani na Gemu ya Simu: Nani Anamfuata Mwenzake?

Pale Kijenge, Arusha, upande wa kipilefti ya Impala, bodaboda aliyekosa abiria mchana ana mambo mawili ya kufanya: kubishana mpira au kuinamia simu. Na gemu inayomtuliza kijana aliyechoka mara nyingi si ile ya risasi. Ni ile ya kitu kinachodunda, kinachoning'inia au kinachoelea, huku muziki laini ukibadilika kadiri anavyocheza. Muulize gemu ikoje, hatakutajia namba hata moja. Atakwambia "nzito", au "inateleza", au "inachelewa", au "muziki umelala". Akiipenda atasema "hii imetulia" na kurudi kwenye kioo chake. Mtengenezaji akipokea maoni ya namna hiyo anaweza kudhani kila mtu na ladha yake, basi. Lakini karibu kila neno hapo lina kipimo chake cha fizikia, na kipimo hicho kinakokotoleka kwa hesabu za sekondari.

Tuiweke simu chini kwanza. Waarusha wa miteremko ya Meru na Wamaasai wa nyika zilizo chini yake, wote wasemaji wa Kimaa, wana mchezo uitwao adumu. Vijana wa rika la morani husimama duara au nusu duara. Mmoja au wawili huingia katikati na kuanza kuruka papo hapo, mwili wima, mikono ubavuni, visigino visiguse ardhi. Waliobaki wanaimba. Mwimbishaji, ambaye kwa Kimaa huitwa olaranyani, anatoa mstari, wenzake wanaitikia kwa mngurumo wa kooni, ngoma hakuna. Aliye katikati akipanda juu zaidi, waimbaji nao huweza kupandisha sauti zao kwa kadiri ya mruko ule. Watalii huuona mchezo huu kwenye bustani za hoteli, ila mahali pake hasa ni penye sherehe kama eunoto, ile ya kuwatoa vijana kwenye umorani. Sherehe hiyo, pamoja na enkipaata na olng'esherr, iliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa maombi ya Kenya.

Tunao basi mchezo wa fizikia wenye muziki unaomsikiliza mchezaji, na hauhitaji chaji. Ninachotaka tujiulize ni kwa nini kinachopanda pale ni kimo cha sauti, wala si mwendo wa wimbo. Kwenye disko mambo yakipamba moto DJ huongeza kasi. Wamorani mbona hawaongezi? Nadhani ni kwa sababu hawawezi. Mwendo wa wimbo ule umeshikwa na dunia yenyewe, na kilichobaki mikononi mwa watu ni kimo cha sauti tu. Tulifuate jambo hili polepole.

Mtu akishaachana na ardhi, hana tena la kufanya kuhusu safari yake. Anaweza kukunja miguu au kurusha mikono, lakini kitovu cha uzito wake kitapita njia ile ile. Dunia inampunguzia kasi ya kupanda kwa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Tuseme ameondoka ardhini kwa kasi ya mita 2.8 kwa sekunde. Kasi hiyo itakwisha baada ya muda gani? Gawanya 2.8 kwa 9.8, unapata sekunde 0.286, yaani zaidi kidogo ya robo sekunde. Alianza na 2.8 akaishia sifuri, na kasi ilipungua kwa mpango ule ule bila kukatika, kwa hiyo wastani wake ni 1.4. Zidisha 1.4 kwa 0.286: amepanda mita 0.40. Sentimita 40, mruko wa heshima. Kushuka kunachukua muda ule ule wa kupanda, hivyo jumla amekaa hewani sekunde 0.57.

Sasa afanye nini ili akae hewani mara mbili ya hapo? Muda wa kupanda uwe 0.571, kwa hiyo kasi ya kuondokea iwe mita 5.6 kwa sekunde na wastani wake 2.8. Zidisha 2.8 kwa 0.571 upate kimo: mita 1.6. Hatukupata mara mbili ya sentimita 40, tumepata mara nne, na hakuna binadamu anayeinua kiwiliwili chake mita 1.6 kwa kuruka papo hapo. Ukitaka muda mara mbili unalipa kimo mara nne; ukiongeza kimo mara nne unapata muda mara mbili tu. Watu wa hesabu husema muda unakwenda kwa kipeuo cha pili cha kimo.

(Kwa wapenda usahihi: 9.81 iliyomo kwenye vitabu vingi vya shule ni namba ya Ulaya. Arusha ipo karibu na ikweta, tena mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa namba ni kama 9.78. Anayeruka sentimita 40 kule Ulaya, akiondoka ardhini kwa kasi ile ile hapa Kijenge, atapanda juu zaidi kwa milimita 1 na kidogo. Asijisifu sana.)

Muda wa hewani ni nusu tu ya habari. Kuna muda wa ardhini, ule wa vidole kugusa, goti na kifundo kulegea kidogo, kisha kusukuma tena. Tuukadirie kuwa robo sekunde. Anayeruka sentimita 20 anakaa hewani sekunde 0.40, ukiongeza robo ni 0.65 kwa mzunguko mzima, yaani miruko 92 kwa dakika. Sentimita 40 inatupa 0.82, miruko 73. Sentimita 60 inatupa 0.95, miruko 63. Kadiri anavyopanda, ndivyo mapigo yanavyopungua. Hakuna njia ya kuruka juu zaidi na kwa haraka zaidi kwa pamoja, isipokuwa kubana ule muda wa ardhini, nao haubaniki sana.

Ndiyo maana nasema wimbo wa adumu ungeongeza kasi kila msisimko unapopanda, ungemshusha mrukaji. Waimbaji wangekuwa wanamlazimisha aruke miruko mingi mifupi wakati yeye anatafuta michache mirefu. Kwa mapigo hawana nafasi ya kumwongezea moto. Kwa kimo cha sauti wanayo nafasi yote, kwa sababu dunia haina neno na noti uliyoimba. Hii ni hoja yangu mwenyewe, wala sijasikia mzee yeyote akiieleza hivyo. Lakini hesabu inakubali, na mtu anayebuni muziki wa gemu akiipuuza atajuta.

Turudi kwenye visigino, kwani kanuni ile ya kutogusa ardhi si ya urembo. Nyuma ya kifundo kuna kano nene inayounganisha kisigino na misuli ya shavu la mguu. Kano huvutika kidogo na kurudi, na inaporudi huirudisha sehemu kubwa ya nishati iliyowekwa ndani yake. Mrukaji anapotua kwa vidole, uzito wake huivuta kano hiyo. Misuli hukaza bila kufupika wala kurefuka sana, na kano ndiyo inayofanya kazi ya springi. Kisha inamrusha. Kila mruko unalipiwa kwa sehemu na mruko uliotangulia. Akiruhusu kisigino kishuke mpaka ardhini na kupumzika, mvutano unalegea, nishati inapotea kama joto, na mruko unaofuata inabidi ulipiwe wote na misuli. Ukitaka uthibitisho, simama ulipo uruke mara kumi ukitua kwa vidole, kisha mara kumi ukituliza visigino chini kila unapotua. Mapaja yatakupa jibu kesho asubuhi.

Kano hiyo, pamoja na uzito wa mwenye mguu, ina muda wake wa kuvutika na kurudi. Springi ngumu hurudi upesi, uzito mkubwa huchelewesha. Ndiyo sababu muda wa ardhini haubaniki kwa amri: umeandikwa kwenye mguu wa kila mtu. Mrukaji mnene na mrukaji mwembamba hawana robo sekunde moja, na waimbaji wazuri hulisikia hilo kabla ya kulifikiri.

Afrika Mashariki ina historia nzuri ya kuichukulia miguu ya watu wake kama jambo la maabara. Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya oksijeni walivyochukua kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliokuwa wakitembea na mizigo. Mzigo wa hadi asilimia 20 hivi ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nishati. Wanawake wale walikuwa na mwendo wenye akili ya fizikia ndani yake muda mrefu kabla kifaa hakijaletwa kuupima. Kanuni ya kisigino cha adumu naiweka kwenye kapu hilo hilo.

Na sauti je? Ukikaza waya wa zeze sauti yake inapanda, hilo kila mpiga zeze analijua. Kanuni kamili iliandikwa na Mfaransa Marin Mersenne mwaka 1636: ukitaka mitetemo iwe mara mbili, yaani sauti ile ile oktavu moja juu, unaukaza waya kwa nguvu mara nne. Mara nne kwa mara mbili tena! Kipeuo cha pili kile kile tulichokikuta kwenye mruko. Nyuzi za sauti kooni si waya, kwa kuwa zikikazwa hurefuka na unene wake hubadilika, hivyo kanuni haizikai sawasawa, lakini mwelekeo ni huo. Mwanamume anayenguruma kwa mitetemo 110 kwa sekunde na kufika 220 amekaza koo mara nyingi kuliko sikio linavyodhani. Kwa hiyo mrukaji na mwimbaji wote wawili wanalipa bei inayopanda haraka kuliko matokeo, na sauti ya mtu anayejikamua huwa na ishara ya bei hiyo ndani yake. Sikio la mtazamaji huitambua bila kufundishwa.

Sasa suala la kuchelewa, ambalo mimi naona ndilo linaloua gemu nyingi za simu. Sauti hutembea mita 343 hivi kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20, ambayo ni jioni ya kawaida ya Arusha. Mwimbaji aliye mita 4 kutoka kwa mrukaji anasikika baada ya milisekunde 12. Waimbaji wawili wanaotazamana kwenye duara la upana wa mita 8 wanasikiana baada ya milisekunde 23. Wanamuziki wengi huanza kuhisi wanavutana pale ucheleweshaji unapozidi milisekunde 30 hivi, na sababu yake ni rahisi: kila mmoja akimsubiri mwenzake asikike ndipo aitikie, kuchelewa kunaongezwa kwenye kila pigo na wimbo unaanza kuburuta. Duara la adumu lipo ndani ya mpaka huo. Nenda sasa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid siku ya mechi kubwa, ukae upande mmoja mashabiki wa upande wa pili wakiimba wimbo mnaouimba ninyi. Mita 100 ni sekunde 0.29. Nyimbo mbili zinapishana kwa karibu nusu pigo, na hakuna kiongozi wa mashabiki anayeweza kuzipatanisha akiwa amesimama upande mmoja, hata awe na kipaza sauti cha namna gani.

Bodaboda wetu wa Kijenge amevaa hedifoni zisizo na waya. Sauti inapotoka kwenye simu inabanwa, inarushwa kwa redio, inapokelewa, inafunguliwa. Kazi hiyo kwa hedifoni za kawaida huchukua mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 250. Ni kana kwamba anayeimbiwa yupo katikati ya duara na waimbaji wote wapo mita 34 hadi 86 kutoka kwake. Macho yanaona kitu kimedunda, mlio wa kudunda unakuja baadaye. Binadamu tumezoea sauti kuja nyuma ya picha. Ukimwona mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde la Themi, shoka linatua kabla ya kishindo na hushangai. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya utangazaji vinasema mtazamaji huanza kugundua sauti iliyotangulia picha kwa milisekunde 45, lakini iliyochelewa haigunduliki mpaka ifike 125. Lakini kutazama ni kutazama tu. Kucheza ni jambo jingine, maana kidole kinasubiri sauti ili kibonyeze tena. Hapo ndipo neno "inachelewa" linapotoka, na mara nyingi anayelisema anailaumu gemu kwa kosa la hedifoni.

Kuna hila moja ambayo wamorani wanaitumia na programu nayo inaweza kuitumia. Mtu husikia au huona jambo na kuitikia baada ya karibu sekunde 0.2. Mrukaji anafika kileleni baada ya 0.286. Waimbaji wangesubiri kuona amefika wapi ndipo wapandishe sauti, angekuwa ameshaanza kutua. Kwa hiyo wanatabiri. Kasi ya kuondoka ardhini inaonekana mapema, na kimo chote kimekwisha kuamuliwa na kasi hiyo: izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa mara mbili ya 9.8. Mita 2.8 mara 2.8 ni 7.84, gawa kwa 19.6, unarudi kwenye 0.40. Waimbaji hawafanyi hesabu hiyo, wana miruko iliyotangulia ya kuwafundisha. Programu inaifanya kwa mara moja pale kidole kinapobonyeza, na ina robo sekunde nzima ya kuandaa noti itakayolia kileleni. Katika jambo hili simu imepewa nafasi nzuri kuliko duara. Inashangaza jinsi watengenezaji wengi wasivyoitumia, wakasubiri kitu kigonge ndipo waanze kutafuta mlio.

Tuseme basi kijana wa Kijenge Juu anataka kutengeneza gemu ya adumu. Simu haijui kuruka, inajua kujumlisha. Mara 60 kwa sekunde inapunguza kasi kidogo na kusogeza kijitu kidogo. Njia hii imepewa jina la Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, na inaonekana haina pa kukosea. Lakini angalia. Ili hesabu ionekane kwa macho tutumie hatua kubwa ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kasi ya kuanzia ni 2.8, na kila hatua inapungua 0.98.

Ukisogeza kwanza ndipo upunguze kasi, hatua ya kwanza inakupandisha 0.28, ya pili unaongeza 0.182 unafika 0.462, ya tatu unaongeza 0.084 unafika 0.546, ya nne kasi ni hasi na unaanza kushuka. Kilele ni sentimita 55. Ukipunguza kasi kwanza ndipo usogeze, hatua ya kwanza ni 0.182, ya pili 0.266, ya tatu unashuka. Kilele ni sentimita 27. Mruko halisi ni 40. Mistari miwili ya programu, ile ile, ikibadilishana nafasi tu, inatoa morani wawili ambao mmoja anaruka mara mbili ya mwenzake. Kwa hatua ya 1/60 pengo linapungua, takriban 42 na 38, ila halikwishi. Na mpangilio wa kwanza una ugonjwa mbaya zaidi kwa vitu vinavyodunda: kila mzunguko unajiongezea nishati isiyotoka popote, mpaka mpira unaruka nje ya kioo. Mpangilio wa pili unakosea pia, lakini makosa yake hayajilimbikizi namna hiyo, ndiyo maana injini za fizikia za gemu huupendelea. Box2D ya Erin Catto, injini iliyosukuma wale ndege wa Angry Birds mwaka 2009, ni ya ukoo huo.

Neno "nzito" linatokana na uchaguzi mwingine. Kwenye kioo hakuna mita; mtengenezaji anaamua kijitu chake kina urefu gani. Akikichora kama mtu mzima na kukiacha kiruke sentimita 40, macho yanakubali sekunde 0.57. Anaona mruko mdogo hauvutii, anaukuza kuwa mita 2, lakini muda anauacha pale pale kwa sababu muziki umeshatungwa. Bila kujua amepandisha uvutano kuwa 49, mara tano ya dunia. Kijitu kinashuka kama kimetupwa, na mchezaji anasema gemu ni nzito, naye amepima sawasawa kabisa. Akiuacha uvutano wa 9.8, mruko wa mita 2 unachukua sekunde 1.28, ongeza robo ya ardhini, unapata mapigo 39 kwa dakika. Wimbo wa mapigo 73 utakuwa unakimbia peke yake mbele ya miguu. Akienda mbali zaidi na kutumia uvutano wa mwezini, 1.62, hata ule mruko wa sentimita 40 unakaa hewani sekunde 1.4. Hiyo ndiyo "imetulia" ya gemu nyingi za kuelea: uvutano mdogo, mwendo wa polepole, muziki wa polepole. Lakini mpangilio wake ni huo huo, uvutano kwanza. Aliyechagua namba ya uvutano amekwisha kuchagua mwendo wa wimbo, hata kama mtunzi wake wa muziki hajaajiriwa bado.

Rekodi ya kawaida haina la kufanya hapo. Arusha ilishachanganya uimbaji wa Kimaasai na mapigo ya hip hop. X Plastaz walitoa albamu yao Maasai Hip Hop mwaka 2004 na ni kazi ninayoiheshimu. Ila rekodi haimsubiri mtu. Imefungwa mapigo yake studio, na anayetaka kuiruka ndiye atakayejirekebisha. Ili muziki umfuate mchezaji, lazima vipande vyake viwe huru.

Watu wa LucasArts, Michael Land na Peter McConnell, walilitatua hilo mapema kwa mfumo walioupa jina iMUSE, uliotumika kwenye Monkey Island 2 mwaka 1991. Muziki ulikuwa na alama ndani yake za mahali panaporuhusu kugeuka, na mchezaji akibadilisha chumba, wimbo ulisubiri alama inayofuata ndipo ugeuke. Uzuri wake ni kwamba husikii pengo. Ubaya ni kusubiri. Kwa mapigo 73 kwa dakika, kifungu cha mapigo manne ni sekunde 3.3. Kwa mtu anayetembea chumba hadi chumba si kitu. Kwa anayeruka kila sekunde 0.82, muziki utakuwa unajibu mruko wa nne uliopita, na hapo ndipo unaambiwa "umelala". Dawa ni ile ya duara: usibadilishe wimbo, pandisha kimo au ongeza sauti juu ya mngurumo uliopo. Tabaka jipya linaweza kuingia kwenye pigo lolote, kwa kuwa mngurumo wa chini haukatiki.

Limebaki swali la utulivu wenyewe. Mruko unapandisha sauti, na sauti inampa mrukaji moyo wa kupanda zaidi, nao mruko unapandisha sauti tena. Huu ni mrejesho, na umewahi kuusikia ukumbini pale MC anaposogea mbele ya spika na kipaza sauti kikapiga mluzi wa kutoboa masikio: sauti ya spika inaingia kwenye kipaza, inakuzwa, inatoka, inaingia tena. Lakini si kila mrejesho hupiga mluzi. Tuseme sentimita 10 za nyongeza zinaleta shangwe inayozaa sentimita 5 nyingine, nazo zinazaa 2.5, na kuendelea. Jumlisha zote: 10, 15, 17.5, 18.75, na hutapita 20. Mchezo unatulia kwenye kimo kipya. Kama kila nyongeza ingezaa tisa ya kumi yake, jumla ingekuwa sentimita 100, na hapo miguu imeshasalimu amri. Kama ingezaa sawa na yenyewe, hakuna mwisho. Kwenye duara uchovu na zamu za kubadilishana ndivyo vinavyoshusha uwiano huo.

Mfano maarufu wa uwiano usioshushwa ni Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, mwaka 1978. Noti nne nzito zinajirudia, na kadiri unavyowaua maadui ndivyo waliobaki wanavyokimbia na noti zinavyokazana. Kukimbia kule kulianza kama tabia ya mashine: maadui wachache walichorwa haraka zaidi, na mbunifu akaona ni vizuri akaiacha. Muziki unamfuata mchezaji pale kwa uaminifu wote, na hakuna aliyewahi kuiita gemu ile ya kupumzikia. Muziki unaobadilika peke yake hauleti utulivu. Kinacholeta ni uwiano chini ya moja, mbali na moja, na kwa kipimo changu nusu inatosha: mchezaji akifanya vizuri ajibiwe kwa nusu ya alichotoa, akikosea wimbo ushuke ngazi moja badala ya kuporomoka.

Anayetaka kuyahakiki haya kabla ya kuandika mstari wa programu hahitaji maabara. Aombe ruhusa kwa warukaji, awapige video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde kama simu inaweza. Ahesabu picha tangu vidole viachane na ardhi mpaka viguse tena, agawe kwa 240 apate muda, auzidishe muda huo kwa wenyewe, azidishe kwa 9.78, agawe kwa 8. Picha 137 zinatoa sentimita 40. Kwa video ya kawaida ya picha 30, picha 17 zinatoa sentimita 39 na picha 18 zinatoa 44, kwa hiyo kukosea picha moja ni kukosea sentimita 5, na kipimo hakina maana. Kuna udanganyifu mmoja wa kuchunga: anayetua amekunja magoti huongeza muda wa hewani bila kuongeza kimo, na njia hii humpa sifa asizostahili.  Kwa adumu tatizo hilo halipo, kwa kuwa mwili unaondoka wima na kutua wima, kwa vidole vile vile.